Tusimsingizie Mungu

Huku Masisi, mashariki mwa Kongo, damu ya kumwongezea mgonjwa hutoka kwa ndugu zake. Mama akivuja damu baada ya kujifungua, au mtoto akiishiwa damu kwa malaria, ukoo unaitwa. Wanashuka milimani kwa miguu, wengine usiku, wanakaa kwenye benchi la nje huku wamekunja mikono ya mashati. Mimi ni mtu wa maabara. Kabla damu haijaingia kwa mgonjwa, naipima magonjwa manne: sida, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende. Jumapili mimi ni shemasi kanisani, na ninayoyaona kwenye vipimo hivyo nayapeleka katika maombi yangu.

Vijana wawili wachimbaji wa koltani walikuja kutoa damu, kila mmoja kwa mgonjwa wake. Hakuna aliyeweza kutoa. Wa kwanza alikutwa na virusi vya sida. Siku ileile alipelekwa chumba cha pili, akaelezwa, akatoka na kopo la vidonge bila kulipa hata faranga moja. Wa pili alikutwa na homa ya ini B. Si kila mwenye virusi hivyo huhitaji dawa mara moja, lakini huyu daktari alimchunguza akaona ini limeanza kuharibika. Dawa yake inaitwa tenofoviri. Nayo imo ndani ya kidonge alichopewa yule wa kwanza! Ila vidonge vilivyo kwenye rafu ni vya programu ya sida, na kijana huyu hana sida. Akaambiwa akanunue mjini Goma.

Mama yake akaniambia, "Baba, tumwachie Mungu. Ndivyo alivyopanga."

Sikubishana naye. Mzazi aliye katika hali ile hushika neno linalomsimamisha, na hakuna mwenye haki ya kumpokonya. Nabishana na sisi tunaosimama madhabahuni, maana neno lile amelitoa kwetu.

Virusi viliingiaje katika mwili wa kijana yule? Huenda siku ya kuzaliwa, huenda kwa wembe, sitajua. Hapo naweza kunyamaza mbele za Mungu. Lakini kidonge kubaki kwenye rafu hakuna fumbo ndani yake. Kuna mwaka na kuna saini za watu. Mfuko wa Dunia ulianzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya magonjwa matatu: sida, kifua kikuu na malaria. Homa ya ini haikutajwa. Fedha zikafuata majina, na dawa zikafuata fedha, mpaka kwenye rafu yetu.

Tukumbuke pia sida yenyewe. Mwaka 2000 dawa za mgonjwa mmoja zilipita dola 10,000 kwa mwaka. Watu wetu walizikwa, na juu ya makaburi yao tulihubiri mapenzi ya Mungu. Wengine walithubutu kuhubiri adhabu yake. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza kuzitoa kwa dola 350. Wagonjwa wa Afrika Kusini na kwingineko wakaandamana, wakadai, na leo yule kijana wa kwanza anameza kidonge bure. Mungu hakubadilisha mapenzi yake kati ya mwaka ule na huu. Kilichobadilika ni bei.

Mchungaji mmoja ninayemheshimu alinijibu kwamba hata bei ziko mikononi mwa Mungu. Sawa. Basi na kushuka kwa bei ni mapenzi yake, na kudai zishuke vilevile, na neno hilo halielezi tena kitu chochote. Kazi yake inabaki kumnyamazisha anayeuliza. Rafiki za Ayubu walimtetea Mungu kwa maneno mazuri kupita haya, na Mungu mwenyewe aliwakasirikia kwa sababu hawakusema kweli juu yake. Akawa upande wa Ayubu, aliyelalamika.

Simlaumu mtunza dawa. Vidonge vyake vimehesabiwa, na akimpa mmoja nje ya programu, mwezi ujao mwingine atakosa. Mwaka 2025 hesabu hiyo ilizidi kuwa ngumu. Marekani ilisimamisha misaada yake Januari, na mwezi huohuo Goma ikatekwa na waasi wa M23 na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Machi vita vikafika Walikale-centre, kwa jirani zetu. Naona uzito wa yote hayo. Lakini vita, bajeti na uwanja wa ndege ni mambo ya watu, yana wenyewe wa kuulizwa.

Walikale inajua habari hii ya dawa kumkosa mtu kwa namna yake. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, huko Luvungi na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 300 walibakwa na wenye silaha. Dawa ya kuzuia sida hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Msaada ulipofika, saa hizo zilikuwa zimewapita wengi, ingawa kambi ya walinda amani haikuwa mbali. Nani atasimama kusema Mungu ndiye aliyechelewa?

Wala tusiambiwe kwamba njia ya kwetu haipitiki. Agosti 2019 Ebola ilipoonekana Pinga, katika Walikale hiyohiyo, chanjo inayotunzwa kwenye baridi ya nyuzi 60 na zaidi chini ya sifuri iliwafikia watu. Dunia iliogopa, njia ikapatikana. Chanjo ya homa ya ini B ya mtoto anayezaliwa hutosheka na friji ya kawaida, lakini katika kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ni watoto 18 tu kati ya 100 waliokuwa wakiipata, kwa ripoti ya shirika hilo ya 2024. Ripoti hiyo inasema asilimia 63 ya maambukizi mapya ya ugonjwa huu yalitokea katika kanda hiyo.

Shirika hilohilo lilisema mwaka 2024 kwamba tenofoviri ya mwezi mzima inaweza kununuliwa kwa dola 2.40. Wakuu wa programu, ifungueni rafu kwa kila ambaye daktari amemwandikia, na mwagize dawa kwa hesabu ya wote. Nanyi wachungaji wa Masisi na Walikale, mkiitwa kumzika mtu aliyekufa kwa ini, wasomeeni waombolezaji bei hiyo kabla hamjataja mapenzi ya Mungu.