Mlango wa Kima

Mwaka 1898, kambi ya reli ilipofika mto Tsavo, chini ya Mtito Andei, ilikuwa na vibarua elfu mbili tatu, wengi wao Wahindi, wakilala kwenye mahema ya turubai. Usiku simba wawili walikuja wakaburuta mtu. Kukicha, kazi ikaendelea. Mhandisi wa daraja, John Patterson, aliandika kwamba mwanzoni vibarua hawakutishika sana. Kila mmoja alitazama wingi wa wenzake akaona zamu yake iko mbali. Kisha reli ikasonga mbele, umati ukaifuata, wakabaki mia chache tu. Hapo ndipo watu walipojizungushia maboma ya miiba, wakalala mitini na juu ya matangi ya maji. Miiba yenyewe ilijaa pale tangu siku ya kwanza. Desemba, mamia yao walijilaza relini kusimamisha treni, wakaidandia, wakaenda zao.

Ungedhani habari hizo zilitosha kufunza watu tahadhari. Juni 1900, ndani ya Makueni ya leo, simba mwingine alikuwa akila watu kwenye kituo cha Kima, na jina hilo sitalitania. Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alikuwa njiani kwenda Nairobi na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Wakaamua kumwotea. Behewa lao liliegeshwa kwenye njia ya pembeni, mpya, ambayo udongo wake haujatulia, likainamia upande mmoja. Hakuna aliyejali.

Ryall alishika zamu ya kwanza. Huebner alipanda kitanda cha juu, Parenti akajilaza sakafuni. Ryall alikesha kidogo, hakuona kitu, akajinyoosha. Simba akapanda vidato, akapenya kwenye mlango wa kuteleza. Kwa uzito wake behewa likazidi kuinama, na mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake.

Parenti alizinduka simba kamkanyaga, huku akimng'ata Ryall. Huebner, ili aufikie mlango wa ndani, ilibidi aruke juu ya mgongo wa simba. Alipoufikia akaukuta haufunguki: watumishi upande wa pili walikuwa wameukaza kwa vilemba vyao. Simba alitoka kupitia dirishani na Ryall mdomoni.

Behewa hilo liko kwenye makumbusho ya reli, Nairobi. Wengi huulizia dirisha. Mimi huenda moja kwa moja mlangoni.