Kuondoka Kabla ya Shahada: Ni Tamaa au Ni Tawakkul?



Ndugu wasomaji, ninaandika makala hii kwa sababu nina deni. Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, rafiki yangu mmoja aliniita pembeni nje ya msikiti wa chuo akaniomba ushauri. Ni mchezaji wa mpira wa kikapu, mrefu kuliko sote hapa, na alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu amalize shahada. Klabu moja ya Kigali ilikuwa imempa mkataba wa misimu miwili. Baba yake anaumwa na hafanyi kazi tena, na nyuma yake kuna wadogo watatu wanaosoma. Alitaka kujua jambo moja: je, kuacha masomo kwa ajili ya mpira ni dhambi?

Sikumuuliza hata swali moja. Nilimwambia kwamba anauza elimu kwa mpira, na kwamba anayeamini riziki iko mikononi mwa Allah hana haja ya kuikimbilia. Alinyamaza, akanishukuru, akaenda zake. Wiki mbili baadaye alipanda basi la Kigali bila kuniaga. Mimi ninayesoma Masomo ya Kiislamu, ambaye wenzangu wananitarajia nijibu kwa dalili, nilikuwa nimejibu kwa ukali na kuuita ukali huo nasaha.

Tangu usiku ule nimelirudia swali lake mara nyingi, na nimeona kwamba halikuwa swali jepesi. Wenzetu wa Marekani wamelijadili kwa zaidi ya miaka 50, kwa sababu kwao linarudi kila mwaka. Timu za NBA hukaa na kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, katika shughuli inayoitwa drafti. Zamani mchezaji hakuruhusiwa kuingia mpaka ipite miaka minne tangu amalize sekondari. Mwaka 1971 kesi ya Spencer Haywood ilifika Mahakama Kuu ya Marekani na kanuni ile ikavunjika. Tangu drafti ya mwaka 2006, Mmarekani anatakiwa atimize miaka 19 ndani ya mwaka wa drafti na uwe umepita mwaka mmoja tangu darasa lake limalize sekondari. Kwa hiyo kila mwaka vijana wa umri wetu wanajiuliza: nibaki chuoni au niondoke?

Mmoja wao alikuwa wa kwetu Afrika Mashariki. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, akaanza kikapu akiwa tayari kijana wa miaka kama 15, akapitia Kenya, hatimaye akafika Chuo Kikuu cha Connecticut. Alicheza pale misimu mitatu. Katika msimu wa mwisho timu yake ilifika nusu fainali ya taifa, naye akawa miongoni mwa wazuiaji bora wa vyuo vyote. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Akaondoka, na katika drafti ya mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua akiwa wa pili kati ya wote. Akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Mnajua yaliyofuata. Msimu wa kwanza haukwenda vizuri, akapelekwa kwa muda kwenye ligi ya chini, akahamishwa timu hii na ile, na baada ya misimu mitano NBA ikawa imekwisha kwake. Baadaye alicheza Japani na Taiwan. Mpaka leo ukitaja jina lake mbele ya wapenda kikapu, hutakosa wa kusema: aliondoka mapema mno, angebaki ule mwaka mmoja.

Sasa tazameni upande wa pili. Mwaka 1984 kijana wa Lagos, Hakeem Olajuwon, naye aliondoka Chuo Kikuu cha Houston kabla ya kumaliza. Alichaguliwa wa kwanza kabisa, na timu ya mji uleule. Akachukua ubingwa mwaka 1994 na 1995. Waislamu wengi tunamjua kwa jambo jingine: alicheza akiwa amefunga Ramadhani, na Februari 1995, mwezi ulioangukia ndani ya Ramadhani, alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mwezi. Sijawahi kumsikia mtu akisema Olajuwon aliondoka mapema mno.

Hapo ndipo fikra zangu zilipokwama. Vijana hawa wawili walifanya kitendo kimoja, wakiwa wamebakiza mwaka uleule mmoja, na kila mmoja akitazamia kuchaguliwa miongoni mwa wa mwanzo. Mmoja tunamwita mwenye pupa, mwingine tunamwita mwenye hekima. Tofauti iko wapi? Iko katika yaliyotokea baadaye, na yaliyotokea baadaye hayakuwa mikononi mwa yeyote kati yao. Katika drafti ileile ya Thabeet, Blake Griffin, James Harden na Stephen Curry nao waliondoka vyuoni kabla ya kumaliza, na kila mmoja akawa nyota. Basi kuondoka mapema peke yake hakukuwa sababu.

Ndugu zangu, tunapomhukumu mtu kwa matokeo, tunachukua qadari ya Allah na kuiandika kama kosa au sifa ya mja. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Hurayra, iliyomo katika Sahih Muslim, Mtume (s.a.w.) anatufundisha tulifanyie pupa lile lenye manufaa na tuombe msaada wa Allah, na likitupata jambo tusiseme lau ningefanya hivi ingekuwa vile, kwa kuwa hiyo lau hufungua kazi ya shetani. Sisi hatukuishia kujisemea lau sisi wenyewe. Tunawasemea wenzetu, tena kwa furaha.

Kama matokeo si mizani, mizani ni ipi? Ninaona ni tatu: nia ya mtu, haki za watu zilizo shingoni mwake, na juhudi aliyoifanya kwa yale aliyoyajua siku ile.

Nianze na haki, kwa sababu ndizo zinazoonekana. Wapo wanaosema mchezaji anayeondoka anavunja ahadi kwa chuo kilichomsomesha. Hoja hii ina uzito, maana aya ya kwanza ya Suratul Maida inatuamrisha kutimiza mikataba. Lakini mkataba una pande mbili. Kwa miaka mingi ufadhili wa wachezaji wa vyuo vya Marekani ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, na chuo kiliweza kukataa kuuendeleza. Tena mpaka Julai 2021 mchezaji hakuruhusiwa kulipwa hata kwa matumizi ya jina na picha yake, ilhali viwanja vilijaa na televisheni zililipa. Aliyemaliza wajibu wake wa mwaka, akaaga hadharani kwa njia inayoruhusiwa, simuoni kuwa amekhini. Na anayemwita mwenye tamaa ajiulize kwanza: ni nani anayefaidika yeye akibaki?

Kisha kuna haki ya familia. Abu Daud amepokea Hadithi inayosema kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwatelekeza wanaomtegemea. Rafiki yangu alinitajia baba mgonjwa na wadogo watatu. Nilisikia maneno hayo kama udhuru wa mtu anayependa dunia, kumbe alikuwa ananitajia wajibu wa dini. Ilikuwaje mimi, ambaye ada yangu inalipwa na mjomba, nikamwambia mwenzangu asiikimbilie riziki? Maana ya tawakkul nilikuwa nimeipotosha. Yule aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ngamia wake aliambiwa amfunge kisha ategemee, kama alivyopokea Tirmidhi. Kwa rafiki yangu, mkataba ule ulikuwa kamba.

Hata hivyo sitaki makala hii isomwe kama fatwa ya kuacha masomo. Elimu nayo ina haki, na nafsi ni hodari wa kuvalisha tamaa kanzu ya wajibu. Tim Duncan angeweza kuondoka Chuo Kikuu cha Wake Forest mapema na kuchaguliwa miongoni mwa wa mwanzo. Alibaki miaka yote minne akamaliza shahada ya saikolojia, kwa sababu ya ahadi aliyompa mama yake, ambaye alikwisha fariki Duncan akiwa mtoto. Mwaka 1997 akachaguliwa wa kwanza. Wala simsifu kwa kuchaguliwa wa kwanza. Angeumia goti mwaka ule wa nne na kukosa kila kitu, bado angekuwa ametimiza ahadi kwa mama, na ahadi ile ingebaki na thamani yake mbele ya haki. Kama tumekubaliana kutomlaumu Thabeet kwa matokeo, tusimsifu Duncan kwa matokeo.

Vilevile kuondoka kwa mchezaji hakulazimishi kuiacha elimu moja kwa moja. Michael Jordan aliondoka mwaka 1984, akarudi na kumaliza shahada yake ya jiografia mwaka 1986. Shaquille O'Neal aliondoka mwaka 1992 akamaliza mwaka 2000. Curry aliyeondoka mwaka 2009 alimaliza mwaka 2022, akiwa baba wa watoto watatu na tajiri asiyehitaji cheti cha kuombea kazi. Hapo tunaona nia ikifanya kazi. Kila anayeondoka husema nitarudi. Wengine wanasema kweli, wengine wanajiahirishia, na kuahirisha ni mlango ambao wanazuoni wetu wametuonya nao sana. Lakini nani anaweza kutofautisha hawa wawili siku ya kuondoka? Aya ya 12 ya Suratul Hujurat inatukataza kuendekeza dhana. Nia ya mwenzangu haikuwa kitabu nilichopewa nikisome.

Na lipo jambo jingine lililonigusa zaidi. Nilipokuwa namlaumu kwa kuondoka, nilidhani kubaki kwangu ni ibada. Nikajiuliza kwa dhati: ninabaki chuoni kwa kuipenda elimu, au kwa sababu sina mahali pengine paliponiita? Lau klabu, kampuni au ubalozi ungenipigia simu kesho, ningebaki? Sikupata jibu la kujivunia. Wapo wanaoondoka kwa ajili ya Allah na wapo wanaobaki kwa woga. Kubaki hakumpi mtu fadhila mpaka ijulikane kilichombakisha.

Nilipokuwa nikipekua Kitabu cha Elimu katika Sahih Bukhari kwa ajili ya mtihani, nilikutana na habari niliyoipita mara nyingi bila kuizingatia. Umar bin Khattab (r.a.) alikuwa akiishi pembezoni mwa Madina, yeye na jirani yake wa Kiansari. Walikuwa wakipokezana kwenda kwa Mtume (s.a.w.): siku moja anakwenda huyu, siku nyingine yule, na aliyekwenda humletea mwenzake habari za wahyi na mengineyo ya siku hiyo. Huyu ni Umar, ndugu zangu. Hakuhudhuria kila kikao, na hakuna aliyemwambia kwamba ameiuza elimu. Wala jirani yake hakumhesabia siku alizokosa. Alimletea alichokisikia.

Habari ile ilinionesha deni langu lilipo. Rafiki yangu hakuhitaji hukumu yangu. Alihitaji nimuulize: umeswali istikhara? Umesoma mkataba wote, na ukiumia watakulipa nani na kwa muda gani? Umeomba chuo kikuahirishie masomo badala ya kutoroka tu? Baba amesemaje? Maswali manne, ya dakika kumi. Mtu akishayajibu kwa ukweli, kisha akachagua, amefanya lililo juu yake, na lililobaki ni la Mola wake. Istikhara yenyewe inatufundisha hivyo: tunamwomba Anayejua, kwa kuwa sisi hatujui, kisha tunamwomba aturidhishe na lile lenye kheri popote lilipo.

Mwezi uliopita nilimpigia simu nikamwomba radhi. Alicheka, akasema alikwisha nisamehe siku ileile kwa kuwa nilionekana nina njaa. Kumbe fomu ya kuahirisha masomo aliijaza kabla hajaondoka, na mimi sikuwahi kuuliza. Baba yake amepata matibabu. Timu yake inapoteza mechi nyingi kuliko inavyoshinda, na hajui kama mkataba utaongezwa. Sikumwambia lau.

Sasa kila Ijumaa baada ya darasa ninapiga picha madaftari ya wenzangu wanaosoma kozi yake na kumtumia. Siku nyingine ananijibu na maswali ambayo inanibidi niende kuwauliza wenyewe. Hiyo ndiyo zamu yangu. Ikiwa na wewe, msomaji, una mwenzako aliyeondoka, kwa mkataba, kwa ndoa, kwa ada iliyokosekana au kwa mzazi mgonjwa, kabla hujasema neno juu yake, mtafute umuulize ni somo gani unaweza kumpelekea.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.