Tafakari ya Juma: Luka na Wazee Wetu wa Bondeni

Somo: Luka 1:1–4



Majina ya waliochaguliwa vyuo yakitoka, mzazi ambaye mwanawe amepata udaktari hupongezwa hadi sokoni. Yule ambaye binti yake amepata historia huulizwa: sasa huyo atafanya kazi gani? Silidharau swali hilo. Hapa Bondeni ada ya chuo hutoka kwenye mpunga na kokoa, na mkopo wa serikali haumfikii kila mtoto. Lakini nimewasikia hata wazee wa kanisa wakisema kwamba kuchimbua mambo ya kale hakumhusu mtu aliyeokoka. Hilo siwezi kulinyamazia.

Luka alikuwa tabibu. Paulo anamtaja hivyo anapowaandikia Wakolosai. Hata hivyo, kazi aliyoliachia kanisa ni ya mwanahistoria. Anamweleza Theofilo kwamba wengine wameshaandika, na kwamba yeye naye amefuatilia habari tangu mwanzo, kwa kadiri zilivyopokewa kutoka kwa walioziona. Roho Mtakatifu hakumwondolea taabu ya kutafuta na kuuliza. Wala Luka hakuwafichia aibu wakubwa: Petro mwenyewe tunamkuta akimkana Bwana mbele ya kijakazi. Kanisa changa lingeweza kuifuta habari hiyo. Halikuifuta.

Mwanafunzi wa historia anafundishwa uaminifu wa namna hiyo: nani amesema haya, alikuwepo, na alikuwa na sababu gani ya kuyasema hivyo? Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji. Mengi yaliyokuwa yameandikwa yalitoka kwa watawala wa Kijerumani. Aliyekuwa na miaka 20 vita vilipoanza mwaka 1905 alikuwa ametimiza 83. Vijana wale wangesubiri miaka kumi zaidi, wangemuuliza nani?

Kwetu je? Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wale wa Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huo huo. Sehemu kubwa ya barua na taarifa za Wamoravian ipo Herrnhut, Ujerumani, kwa Kijerumani kilichoandikwa kwa mkono. Kuhusu desturi za babu zetu tunawasoma Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti huku kati ya 1934 na 1938. Ninawashukuru kwa kweli, maana waliandika mengi ambayo sisi tungeyapoteza. Lakini waliobeba mizigo ya wamisionari kutoka ziwani, waliowafundisha Kinyakyusa, akina mama walioamini kabla ya waume zao, wengi wao hawana hata jina katika vitabu. Inaniuma, kwa sababu Mungu anawajua kwa majina na sisi wajukuu wao hatuwajui.

Na si mambo ya kanisa tu. Mpaka wetu na Malawi ziwani unabishaniwa hadi leo kwa sababu ya mkataba ambao Uingereza na Ujerumani zilitia saini tarehe 1 Julai 1890, bila kumuuliza mvuvi yeyote wa Matema wala wa Karonga. Taifa linahitaji watu wanaoweza kuusoma mkataba huo na kuueleza bila kuchochea chuki kati ya ndugu wa ng'ambo mbili za Songwe. Mzazi aliyeuliza kuhusu kazi, hiyo nayo ni kazi.

Aliyekuwa na miaka 20 tulipopata uhuru mwaka 1961 sasa amevuka 80. Wapo kati yetu waliokwenda na Wenela, shirika lililoajiri watu wa migodini, kuchimba dhahabu Afrika Kusini, wapo waliohamishiwa vijiji vya ujamaa, na wapo mabibi waliobaki wakilima mpunga peke yao huku waume wakiwa migodini. Tuwaulize wote wangali hai, na hao mabibi waanze, kwa sababu ndio tunaowauliza kwa nadra kuliko wote.

Kwa hiyo naomba wanafunzi wetu wa vyuo, likizo hii, waje na madaftari baada ya ibada. Wazee watakaoongea waachwe waseme hata yale yasiyotupendeza: ugomvi wa ardhi, tuhuma za uchawi, watu tuliowatenga na ushirika kwa haraka. Aliye na mzazi au bibi asiyeweza kufika kanisani, ampe katibu wa ushirika jina lake, nasi tutamfuata nyumbani.