Kustaafu na Haja ya Kazi

Katika Tanzania mtumishi wa umma aweza kustaafu kwa hiari atimizapo miaka 55, na kwa lazima atimizapo 60. Sheria hii huhesabu miaka. Haipimi nguvu wala akili. Basi mtu wa miaka 58 huonekana akibisha milango akiomba kazi nyingine, na vijana humnung'unikia kuwa ataka kula mara mbili.

Lawama hiyo ina nusu ya haki. Atafutaye kiti kipya ili asikose kuamkiwa kwa heshima huwazibia wengine njia. Lakini asomeshaye mtoto hastahili kulaumiwa, maana karo haistaafu. Mwenye shida kubwa zaidi ni yule ambaye pensheni yamtosha, ila kila alfajiri hajui aamkie nini.

Kustaafu ni neno la asili ya Kiarabu, nalo lina maana ya kuomba kuachiliwa. Kung'atuka latoka Kizanaki, na hutumika kwa mkubwa aachiaye wengine nafasi kwa hiari yake. Julius Nyerere aling'atuka urais mwaka 1985, akiwa na miaka 63. Alilima Butiama, akaongoza Tume ya Kusini hadi 1990, na tangu 1996 hadi kufa kwake mwaka 1999 alisuluhisha Warundi. Kazi hizo hazikumnyima kijana yeyote mshahara.

Karani hana jina la kumwitia makubwa kama hayo. Lakini mtaani mwake wamo wasiojua kuandika hesabu za duka. Wengi huwakumbuka watu hao wakati mazoea ya miaka 35 ya kungoja amri yamekwisha kuwafunga mikono.