Mate na Wino

Wahenga walituasa tusiandikie mate na wino ungalipo. Hawakutuambia tufanye nini wino unapokuwa haujafika.

Swali hilo lilinikuta hapa Nyabibuye mwezi Mei 2021, wakati hesabu za Vodacom Tanzania za mwaka ulioishia Machi zikisubiriwa. Mpwa wangu, mwalimu kijana, alikuwa ameuza maharage akabakiwa na akiba kidogo. Akaniuliza, "Mjomba, ninunue hisa sasa kabla hesabu hazijatoka, au ningoje?"

Nikamwambia anunue. Hoja nilikuwa nazo. Mwaka 2017, kufuatia sheria iliyoyataka makampuni ya simu yauze robo ya hisa zao kwa umma, hisa hizo ziliuzwa kwa shilingi 850 kila moja, na mwezi Agosti zikaingia Soko la Hisa la Dar es Salaam. Sasa bei ilikuwa imeshuka chini ya hapo. Nikamwonyesha pia foleni kwa wakala wetu wa M-Pesa. Nani leo, nikasema, atarudi kumpa utingo wa basi bahasha ya fedha?

Usiku sikupata usingizi. Foleni ile ilinifundisha nini hasa? Kwamba watu wanaitumia huduma, basi. Haikunionyesha gharama za minara wala kodi, wala laini zilizofungwa tangu Januari 2020 kwa sababu wenyewe hawakuzisajili kwa alama za vidole. Tena, bei ya sokoni huwa imekwisha kubeba matumaini na hofu za wengi. Kinachoitikisa ni tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana. Tofauti hiyo sikuijua hata chembe.

Nikakumbuka miaka yangu ya ualimu mkuu. Wazazi walikuwa wakinijia kabla ya matokeo ya darasa la saba: "Mwalimu, mwanangu atafaulu?" Mtihani ulikwisha fanyika, neno langu lisingeongeza hata alama moja. Nilizoea kujibu, "Hesabu anaziweza, Kiingereza kinamsumbua," nikaishia hapo. Mbona kwa mpwa wangu nilivuka mpaka?

Jibu liliniaibisha. Mimi mwenyewe nilinunua hisa hizo mwaka 2017, na sikumwambia. Mali ikishuka bei, mwenye nayo hutafuta wenzake wa kuamini pamoja naye. Nilichokiita ushauri kilikuwa tumaini langu mwenyewe, nami nilitaka kulikuza kwa fedha za kijana wa dada yangu.

Kulipokucha nikamwendea. "Mwanangu, hisa hizo ninazo, nilizinunua kwa 850. Kwa hiyo maneno yangu ya jana yapunguze nusu. Ninachokijua ni foleni ya wakala. Faida ya kampuni siijui. Na fedha ya karo usiipeleke huko kabisa."

Akacheka. "Basi mjomba, nangoja."

Hesabu zilipotoka, zilionyesha hasara. Jirani mmoja alinisifu kwamba nimemwokoa mpwa wangu. Nilizikataa sifa hizo, kwa maana mwaka ulioishia Machi 2023 kampuni ilirudi kwenye faida, na huenda jirani huyo huyo angeniambia nimemkosesha kijana riziki. Tukiupima ushauri kwa matokeo, tutamsifu mwenye bahati na kumlaumu mkweli.

Naamini kosa langu lilitimia jioni ile ile ya kwanza, kabla hesabu hazijajulikana. Hata kama kampuni ingepata faida kubwa, bado ningekuwa nimemkosea mpwa wangu, ila bahati ingenifichia kosa.

Kukisia si dhambi. Mkulima hukisia mvua kila anapopanda. Lakini mkulima hukisia kwa mbegu yake. Anayekisia kwa mbegu ya mwenzake ana deni la kusema mambo matatu: ninachokijua, nisichokijua, na ninachotamani kiwe. La tatu ndilo gumu kulitamka, na ndilo msikilizaji analolihitaji zaidi.