Nyumba ya Mama Uani

Soma 2 Samweli 19:31–39. Daudi alimwahidi Barzilai nini, na mzee huyo alijibu nini?

Barzilai alikuwa na umri wa miaka 80. Daudi alipomkimbia Absalomu, yeye alikuwa mmoja wa watu watatu waliomletea huko Mahanaimu vitanda, vyombo, ngano, maharage na asali (2 Sam. 17:27–29). Vita vilipokwisha, mfalme alitaka kumrudishia wema: avuke naye Yordani, akatunzwe Yerusalemu. Ni vigumu mwana kumwahidi mzazi makao bora kuliko hayo. Barzilai alikataa. Hakusikia tena ladha ya chakula wala sauti za waimbaji. Alichotaka ni kufia mjini kwake, karibu na kaburi la baba na mama yake. Daudi hakubishana. Alimbusu, akambariki, akamwacha arudi. Hata Kimhamu, aliyekwenda badala ya mzee, mfalme aliahidi kumtendea vile Barzilai atakavyoona vyema.

Familia nyingi leo hukutana na swali hilo hilo. Baba amefariki, mama amebaki peke yake kijijini, magoti yanamsumbua. Watoto wanachangishana kumjengea nyumba ndogo uani kwa mmoja wao: chumba, sebule, jiko na choo. Ni kazi njema. Yesu aliwakemea waliofanya sadaka kuwa kisingizio cha kuwanyima wazazi msaada (Marko 7:9–13), kwa hiyo amri ya tano haiishii kwenye salamu na shikamoo. Lakini nyumba ya uani inaweza kusema mambo mawili. Inaweza kusema: mama, uko karibu nasi, na bado una mlango wako mwenyewe. Inaweza pia kusema, kwa adabu zote: mama, wageni wetu wakija, usionekane sebuleni. Matofali ni yale yale.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:8. Kwa nini Mungu ajishughulishe na ukingo wa paa?

Paa za wakati ule zilikuwa tambarare, na watu walikaa juu yake. Aliyejenga bila ukingo alihesabiwa damu ya aliyeanguka. Kwa mzee wa leo, ukingo huo ni choo cha kukaa chenye vishikio vya chuma, sakafu isiyoteleza, taa kati ya kitanda na choo, na mlango wa sentimita 90 hivi ili kiti cha magurudumu kipite. Ngazi moja ya sentimita 15, ambayo kijana haioni hata kidogo, huhitaji mteremko wa karibu mita 1.8 ili kiti kipande salama. Fundi akisema hayo ni mapambo, asomewe fungu hilo.

Hata hivyo, nyumba salama inaweza kuwa nyumba ya kigeni. Chukua mfano wa mama wa miaka 78 anayehamishwa kutoka milima ya Upare kwenda Dar es Salaam. Wanawe wamemwekea feni na jiko la gesi. Yeye anauliza mafiga yatakaa wapi, kuku watalala wapi, na kama Sabato ataweza kufika kanisani kwa miguu. Watoto hucheka wakisikia maswali hayo, na hapo ndipo wanapokosea, maana ni maneno ya Barzilai kuhusu kaburi la wazazi wake kwa sauti nyingine. Mama anauliza kama huko aendako bado atapika, atakaribisha wageni wake, na kujulikana kwa jina.

Je, neno la mzee liwe la mwisho daima? Hapana. Mama aliyeanza kusahau moto ukiwaka hawezi kuachwa peke yake na kuni eti kwa sababu Daudi alimwacha Barzilai. Barzilai aliijua hali yake, akaieleza vizuri. Yesu alimwambia Petro kwamba akizeeka, mwingine atampeleka asikotaka (Yohana 21:18). Siku hizo huja kweli. Ila watoto wengine huzitangaza mapema, kwa kuwa uani ni karibu na nauli ya kijijini ni ghali.

Zungumzeni darasani: Mama akisema atabaki Upare, na hapo hakuna wa kumchotea maji, nani aamue? Na akikubali kuhamia uani, ufunguo wa mlango wake ukae kwa nani?