Je, Jirani Ana Neno juu ya Nyumba Yangu?

Barabara itokayo Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, huenda kilomita 50 hivi hata kufika Kasesya, mpakani mwa Zambia. Barabara hiyo iliwekwa katika mpango wa kutiwa lami; na popote penye habari ya lami watu huanza kupima ardhi ambayo jana hakuna aliyeijali. Hapo ndipo mashauri ya viwanja huzaliwa, na hapo ndipo twasikia swali ambalo leo twataka kulitazama pamoja na wasomaji wetu.

Tuseme baba mmoja amekusudia kujenga. Nyumba yake si ya kupangisha wala si ya biashara. Ni nyumba ya vyumba vinne, matofali ya kuchoma na bati, apate kukaa na mkewe na watoto wake. Anaambiwa kwamba shauri lake lazima lipite mbele ya Halmashauri ya Kijiji na majirani wasikilizwe. Anachukia, asema: "Marehemu baba yangu alilima hapa. Fedha ni yangu, jasho ni langu. Jirani ana neno gani juu ya nyumba yangu?"

Swali hilo halistahili kuchekwa. Katiba ya nchi yetu, katika ibara ya 24, yampa kila mtu haki ya kumiliki mali na hifadhi ya mali yake. Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1891 juu ya hali ya wafanyakazi, alitetea mali ya mtu binafsi kwa sababu hiyo hiyo: baba mwenye wajibu wa kulisha na kutunza watoto lazima awe na kitu cha kudumu mkononi. Asiye na mahali pa kulaza watoto wake ni mtumwa wa kila mwenye nyumba. Kwa hiyo, mtu akitaka kumzuia mwenzake asijenge, mzigo wa kueleza sababu ni wa yule azuiaye.

Lakini nyumba haikai peke yake kama jiwe porini. Matofali yatafyatuliwa wapi? Shimo la udongo litabaki, litajaa maji ya mvua, na watoto watakaocheza ukingoni mwake si wa mwenye nyumba tu. Choo kitachimbwa upande gani wa kisima? Maji ya bati yatateremkia kwa nani? Je, njia ya wanawake kwenda mtoni, au ya ng'ombe kwenda malishoni, itapita wapi ukuta ukisimama? Hata Torati, katika kitabu cha Kumbukumbu, yamwagiza ajengaye nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka paa, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Mwenye nyumba aliulizwa juu ya uhai wa mgeni kabla mgeni hajafika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yafuata fikira iyo hiyo kwa njia yake. Ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kama mdhamini, si kama mwenye mali. Nayo haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani watu wazima wote. Sheria ya mwaka 2007 juu ya mipango ya matumizi ya ardhi yawapa wanakijiji uwezo wa kuamua mapema wapi pawe makazi, wapi malisho na wapi mashamba. (Watu wa mpakani wana sababu ya pekee ya kulielewa jambo hili. Mpaka wao wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani, yaliyotiwa sahihi Berlin mwaka 1890. Walungu na Wamambwe wakajikuta huku na huko, na hakuna aliyewauliza.)

Basi jirani ana neno. Hata hivyo, kila neno la jirani si sababu. Tunajua sote jinsi kijicho kinavyovaa joho la sheria. Huyu alalamika kwamba bati la mwenzake litamwaka machoni. Yule asema mjengaji ni mgeni, naye amekaa kijijini miaka ishirini. Sababu ya kweli mara nyingi hupimika kwa kamba: hatua kadhaa toka kisimani, upana kadhaa wa njia. Twasema mara nyingi, wala si daima, kwani makaburi ya wazee hayapimiki kwa kamba, na anayesema "hapa amelala mama yangu" amesema neno zito kuliko mita.

Ila kosa tunaloliona kuwa kubwa kuliko kijicho ni kunyamaza. Jirani aona msingi ukichimbwa juu ya njia, akapita akasalimu. Mtendaji aona matofali yakipangwa ndani ya hifadhi ya barabara, akageuza uso. Wote wawili wafungua kinywa siku paa linapoezekwa. Mwaka 2017, kando ya barabara ya Morogoro toka Kimara hadi Kiluvya, Dar es Salaam, nyumba nyingi zilivunjwa kwa kuwa zilisimama ndani ya mita 121 na nusu toka katikati ya barabara. Katika nyumba hizo umeme na maji vilikuwa vimekwisha kuingia. Hatubishani hapa juu ya mita; twauliza tu walikuwa wapi wenye kujua wakati wa msingi. Nayo Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi toka mita 22 na nusu hadi mita 30 kila upande, hata mtu aliyejenga kwa uaminifu chini ya kipimo cha kale akajikuta ndani ya kipimo kipya. Huyo ana haki ya fidia. Lakini anayeanza leo bila kuambiwa, na mwenye kujua yuko karibu, ameibiwa: si ardhi yake iliyoibwa, bali jasho lake.

Pengine msomaji atatujibu kwamba watu hunyamaza kwa adabu, au kwa hofu ya kuitwa wachawi na wenye wivu. Ndivyo ilivyo, na ndiyo faida ya kikao. Mwenyekiti akimtaja kila jirani kwa jina na kumwuliza mbele ya wote, "Ndugu, una neno?", jirani hujibu kwa kuwa ameulizwa, wala hakujipeleka kumshtaki mwenzake. Naye aliyesema "sina neno" siku hiyo hawezi kurudi na neno baada ya bati.

Kwa upande wao, wanaosikiliza shauri wana deni. Wakikataa, wataje sababu. Wakikubali, wasingoje chai. Tena wasikawie: sheria yawapa siku 90 za kutoa jibu, na siku hizo zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Huku Ufipa matofali hufyatuliwa na kuchomwa wakati wa kiangazi, kabla ya mvua za Novemba. Ombi la Juni likijibiwa Agosti, tanuru huwashwa. Likilala kabatini kwa sababu mwombaji ni mwanamke asiye na mume wa kumsemea (na sheria ile ile yakataza ombi la mwanamke lisitazamwe kwa jicho baya kuliko la mwanamume), mjane huyo atapata jibu jema mwezi wa Desemba, akiwa amesimama mbele ya lundo la udongo uliolowa, uliokuwa matofali elfu nane.